Wimbo wa Papa Mufuko

Pale kona ya Majengo, Gisenyi, mahali barabara inapoanza kupanda kwenda Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, na wanawake wa Goma wanapita tangu asubuhi na mabeseni vichwani, palikuwa na benchi. Usilidharau. Ubao wake ulitoka kwenye mtumbwi uliozeeka wa kuvulia sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, miguu yake ilikuwa mawe meusi ya volkano, na misumari yake waliileta wenyewe wakaliaji, mmoja mmoja, kila mtu na wa kwake. Mbele ya benchi alikaa Muhamadi na birika lake la kahawa juu ya makaa, na vikombe vidogo visivyo na mikono vikiogelea kwenye ndoo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Vita vilikuwa vimepoa, barabara ya Kanama ilikuwa imeanza kupitika mchana bila abiria kumaliza rozari nzima njiani, na watu walikuwa wamerudia kazi yao ya asili, yaani kubishana. Mji usio na mahali pa kubishana si mji, ni kambi, na hao waliokuwa wametoka kambini walilijua hilo kuliko mimi na wewe. Ubishi wa mwaka ule ulikuwa mmoja tu, nao ulihusu wimbo.

Jumatano hiyo Anastase alifika mapema kuliko kawaida yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, rangi haikosekani kwenye kucha zake kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Lakini kijiweni hakuna aliyemwita mwandika mabango. Walimwita Solo. Zamani za Zaïre, huko Goma, alikuwa mpiga gitaa la solo wa Orchestre Sambaza Jazz, na kama hukuwahi kuisikia Sambaza Jazz, kosa si lake, ni la umri wako. Magitaa ya bendi yalibebwa na askari siku za pillage, ule uporaji wa mwaka wa tisini na tatu, na tangu hapo Anastase hakushika gitaa tena. Alishika brashi. Ila vidole vya mkono wake wa kushoto vilikataa katakata. Akikaa tu kijiweni, vinaanza kutembea vyenyewe juu ya ubao wa benchi, vikibonyeza nyuzi ambazo hazipo.

Na leo gitaa lilikuwa linakuja.

Aliyelinunua alikuwa Kimenyi, mfanyabiashara aliyejenga baa mpya ya ghorofa kando ya ziwa. Anastase ndiye aliyemwandikia bango, Bar Nouvelle Vie, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu. Siku ya kulipandisha bango, Kimenyi alimtazama sana, kisha akamuuliza: wewe si yule Solo wa Sambaza Jazz? Basi Jumamosi baa inafunguliwa. Nitakuletea gitaa, liwe kwako kabisa, nawe unifungulie sherehe kwa ule wimbo wenu wa Papa Mufuko, na jina langu ulitupe kwenye sebene. Wanaoujua muziki wa Kongo wanajua kutupa jina ni nini. Kwenye sebene, pale wimbo unapochemka na watu wanasimama, mwimbaji huita jina la tajiri aliyetoa kitu, na tajiri huvimba mpaka vifungo vya shati vinalalamika. Anastase alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani, na mkewe Mukasine akamuuliza kama amekunywa.

— Solo, inafika saa ngapi? aliuliza Kapiteni.

Huyo Kapiteni ni Byiringiro, mvuvi wa sambaza, mwenye sauti iliyozoea kuita kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Siku haipiti bila yeye kutoa methali, na methali haitoki kwake ikiwa nzima.

— Saa kumi, alisema Anastase.

— Bon. Mvumilivu anakula mbivu. Mwenye hakuvumilia anakula mbichi, lakini naye anashiba.

— Kapiteni, hiyo haiko vile, alisema Valens.

Valens aliuza makoti ya chagua, yale ya mitumba, na kwa kuwa hakuwahi kushindwa ubishi kwa bei wala kwa maneno, walimwita Wakili. Pembeni yake alikaa Jean-Luc, karani wa ofisi fulani mjini, aliyeongea Kifaransa cha puani na ambaye hakuwahi kuiona Paris hata kwenye kalenda. Huyo walimwita Sorbonne. Kila mmoja pale alikuwa na chake Jumamosi. Kapiteni alikuwa ameagizwa sambaza wa kukaanga, Valens alikuwa amewauzia wahudumu wa baa vizibao vyeusi, na Jean-Luc ndiye angeshika mikro kukaribisha wageni. Kwa hiyo gitaa la Anastase lilikuwa limebeba watu wengi.

— Mi nasema hivi, alianza Valens, muziki ya zamani ilikuwa na meno. Hii ya leo ni chérie, chérie, nakufa juu yako, halafu hata hafi.

— Ilikuwa inauma, alikubali Jean-Luc.

— We unakumbuka Papa Mufuko ikianza? Mutu anaacha hata bia yake.

Valens akaanza kuiimba kwa sauti ya chini, akipiga goti, na wengine wakadakia, hata Muhamadi aliyekuwa anapuliza makaa:

*Mufuko ya kwanza ni ya chumvi,*
*mufuko ya pili ni ya sabuni,*
*mufuko ya tatu, Papa,*
*iko na mulango na dirisha.*

*Barabara iliingia asubuhi,*
*greda ikafuata saa sita,*
*jioni tukasikia tumbo inanguruma:*
*ni lori inatafuta njia ya kutoka.*

Walipomaliza kila mmoja alibaki na Goma yake kichwani. Anastase alikuwa anauona ukumbi wa zamani, sakafu iliyopakwa nta, wanawake na vitenge vyao vya Jumamosi, na mwimbaji wao Ntawukuriryayo amefumba macho mbele ya mikro. Ndiye aliyeutunga wimbo ule baada ya lori lililobeba viazi vya mama yake kupinduka kwenye barabara ambayo haikutengenezwa. Alielekea Kisangani mwanzo wa vita na hakuna aliyesikia habari zake tena. Anastase alimkumbuka hivyo, amefumba macho.

— Papa Mufuko alikuwa commissaire wa zone, mukubwa wa wilaya, alisema Valens. Tufunge hiyo dosié.

— Anaanza, alisema Muhamadi.

— Mi niko na preuve, ushahidi kabisa. Fundi wa Birere, kule Goma, ndiye alishona ile mufuko. Niliiona ile abakosti na macho yangu, ile koti ya wakati wa Zaïre haina kola, na ndani mufuko inashuka mpaka ku goti. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni nini? Ni koti. Sasa unataka preuve gani tena?

— Hapana, Wakili, alisema Kapiteni. Ilikuwa chef wa port, mukubwa wa bandari. Yule alianza na kodi ya samaki, akaweka ya nyavu, akamaliza na ya upepo. Alikuwa anatuma mutu ku ziwa kupima upepo.

— Na siku upepo hakuna?

— Tulilipa amande, faini kabisa, juu tumeuficha.

Muhamadi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa. Jean-Luc hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, ishara kwamba sasa elimu inaingia.

— Nyinyi munaona kidogo sana. Ile mufuko ya tatu haikuwa ku koti. Ilikuwa Suisse, kule Ulaya.

— Koti ya Suisse?

— Banki, Kapiteni. Banki. Donc, swali ni moja: franka zilitoka Goma zikafika Suisse na njia gani? Barabara hakuna. Ndege, watu wataona. Bon. Chini ya ziwa Kivu iko gaz, kila mutu anajua. Juu ya nini haijawaka mpaka leo?

— Juu ya nini?

— Juu gaz hakuna tena. Walitoa gaz kwa tuyo, bomba refu, wakapitisha franka ku ile tuyo.

— Ndiyo maana samaki walipungua ile mwaka, alisema Kapiteni polepole, kwa heshima. Walikuwa wanakula makuta, zile senti za Zaïre.

— Na barabara? aliuliza Valens, ambaye hakutaka kuachwa nyuma. Barabara haikuliwa. Iko. Waliikunja sawa mukeka, iko ku nyumba moja ku Bruxelles, wanaitandika siku ya wageni.

— Sasa naelewa ile moto ya mwaka ya sabini na saba, alisema Kapiteni. Nyiragongo ilishuka inatafuta barabara. Ikakosa. Ndiyo ikapita ku mashamba ya watu. Volkano nayo iko na akili, lakini mgeni njoo, mwenyeji apone, sasa hapo mwenyeji angepona vipi?

Hapo hata Jean-Luc alishindwa, akacheka akikohoa. Kisha wote wakamgeukia Anastase, kama walivyofanya kila wiki.

— Solo, we ulikuwa pale. Papa Mufuko alikuwa nani?

— Kunyweni kahawa, alisema Anastase.

— Unaona? alisema Valens. Anaficha. Na Papa Mufuko walimufanya nini? Mi nilisikia baada ya ile wimbo alikimbia na mutumbwi, mchana kweupe, bila viatu.

— Mi nilisikia alilia mbele ya bibi yake, alisema Kapiteni.

Anastase alitabasamu tu. Yeye alimjua Papa Mufuko vizuri. Alimjua kwa sauti, kwa manukato, na kwa namna alivyokanyaga ngazi. Lakini hakuwahi kumtaja kijiweni, kwa sababu wimbo ule ndio kitu pekee kilichobaki cha Sambaza Jazz, na hawa jamaa waliupenda hivyo walivyoupenda, wenye meno. Ungewanyang'anya ili uwape nini?

Ndipo akaja mwanamke mmoja na mfuko wa plastiki mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi, akasimama mbele yao.

— Shikamooni, wazee. Samahani, magari ya Kanama yanapita hapa?

Benchi zima lilitazamana. Gisenyi watu hawaamkiani hivyo. Jean-Luc alisema bonjour madame, Kapiteni akasema karibu, na Muhamadi peke yake ndiye aliyejibu marahaba, kwa sababu babake alikuwa mtu wa Ujiji.

— Twegerane, ile basi ndogo ya Kanama, inapita, alisema Valens, lakini inangoja kujaa. Kaa, mama. Sogea, Sorbonne. We umetoka ku redio? Hiyo Swahili yako iko sawa ya habari ya saa mbili.

— Nimezaliwa Ngara, Tanzania, alisema yule mwanamke akikaa. Tulirudi huku mwaka wa tisini na sita. Naitwa Donatha, nafundisha shule ya msingi huko juu, Kanama.

— Mwalimu, alisema Kapiteni. Muhamadi, kahawa ya mwalimu.

— Na ku Gisenyi umekuja kutembea? aliuliza Jean-Luc.

— Nimekuja kuulizia sementi. Darasa langu halina sakafu, watoto wanakaa kwenye udongo, mvua ikinyesha maji yanaingia tunafundishana tumechuchumaa. Mwaka jana tuliambiwa sementi imepatikana. Leo wameniambia ilishatoka zamani.

— Ilitoka?

— Ilitoka. Haijafika.

Valens akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu amezama humo. Kapiteni akakohoa. Katika mji mdogo sementi haina siri. Kila mmoja pale alikuwa amepita mbele ya ujenzi wa Nouvelle Vie, akaona mifuko imepangwa chini ya turubai, akaona na alama ya wizara iliyopigwa juu yake, akaendelea na safari yake. Anastase ndiye aliyeiona kwa karibu zaidi. Alikuwa amekalia mifuko hiyo wakati anaandika bango.

— Mwalimu, alisema Valens kwa haraka, huko Tanzania mulisikia wimbo ya Papa Mufuko?

Hakuwa ameusikia. Hiyo ilikuwa dhambi, na waliiondoa palepale. Wakamwimbia wote wanne, Muhamadi akigonga birika kwa kijiko, na walipofika kwenye lori linalotafuta njia ya kutoka tumboni, Donatha alicheka akaweka kikombe chini asije akajichoma. Alicheka kwa moyo wote, kwa namna ya mtu ambaye hakucheka siku nzima.

— Huyo mtu alikuwa nani?

— Aa, alisema Jean-Luc akivua miwani tena, hiyo sasa ni swali.

Lakini hakupata nafasi, kwa sababu pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mbele ya benchi.

Tuseme ukweli, Kimenyi alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na kitambi, hakuwa na kiburi. Alishuka mwenyewe, akampa kila mmoja mkono, akamuuliza Kapiteni habari za nyavu na Valens habari za mtoto wake aliyekuwa na malaria, akamwinamia Donatha kwa adabu. Akamwambia Muhamadi kahawa yote iliyobaki ni juu yake. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kutoa gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, jekundu, jipya, bado lina harufu ya vanishi.

— Solo, mutoto wako huyu. Mikro yake itakuwa pale Samedi, Jumamosi ya sherehe. Sasa nipigie kidogo nisikie kama hawakuniibia Goma.

Anastase alipangusa mikono kwenye suruali. Aliliweka pajani, na alipoligusa tu, miaka yote ile ya brashi ilimtoka machoni, hakuweza kuzuia. Akajifanya anakaza nyuzi. Wenzake wakatazama pembeni, kwa kuwa walikuwa watu wema. Halafu vidole vikaanza vyenyewe ile njia yao ya zamani, na safari hii chini yake palikuwa na nyuzi. Ziliuma. Ngozi ilikuwa imelainika, kila sauti ilikuja na maumivu yake, na Anastase hakuwahi kufurahia maumivu kama siku ile. Mtu aliyekuwa anavuka barabara na jerikani alisimama. Wanawake wawili wa Goma walishusha mabeseni.

Wakaimba Papa Mufuko mpaka mwisho. Na pale mwisho, ambapo zamani gitaa hubaki peke yake likizunguka, Anastase alimwona Donatha. Mwalimu alikuwa anapiga makofi, na viatu vyake vyeupe kwa vumbi vilikuwa vinagonga mdundo. Hapo kitu kikampanda. Hakupanga. Alifungua mdomo, yeye ambaye siku zote alikuwa mpiga gitaa tu, akaimba kwa sauti ya kukwaruza, akimtazama Kimenyi usoni:

*Sementi ilitoka asubuhi ikienda shule,*
*ikapita njiani kunywa bia moja,*
*watoto wakangoja, mwalimu akangoja:*
*sementi imelewa, imelala ku baa.*

Kapiteni alishika kichwa. Jean-Luc alitazama barabara, akipima mbio. Anastase aliendelea kupiga, akingoja gitaa linyakuliwe, akitamani linyakuliwe.

Kimenyi alicheka.

Hakikuwa kicheko cha kuficha aibu. Alicheka kwa raha, akainama, akajishika kwenye mlango wa pikapu, akafuta machozi kwa kitambaa.

— Imelewa, alisema. Imelala ku baa. Solo, weye ni mubaya sana. Hiyo, hiyo hiyo, Samedi unaanza nayo. Wageni wangu watakufa. Na jina yangu uitupe palepale, mara tatu, ya mwisho uivute. Ki-me-nyiii. Sawa?

Akampiga bega, akampungia mwalimu mkono, akaingia garini na kuondoka. Mpaka anakata kona walikuwa bado wanakisikia kicheko chake.

Kijiwe kililipuka.

— Umemuchoma, alisema Valens. Solo, umemuchoma mbele ya watu.

— Mbele ya mwalimu, alisema Jean-Luc. C'est historique.

— Mi niliona jasho ku shingo yake, alisema Kapiteni. Leo hatalala. Bandu bandu huisha gogo, na gogo ni yeye, na bandu ni siye.

— Kumbe muziki iko na meno bado, alisema Valens.

Walimpiga mgongo, wakamwagiana kahawa ya Kimenyi, wakaimba ule ubeti mpya mpaka wote wakaukariri. Ilikuwa kama zamani. Hata Muhamadi, asiyependa siasa, aliurudia kwa sauti ya chini akipanga vikombe. Anastase alikuwa amekumbatia gitaa. Kile kicheko alikuwa amekwisha kukisikia zamani, ukumbini Goma. Hakikuwa cha Kimenyi.

Twegerane ya Kanama ilipiga honi, na kijana wa mlangoni akaanza kuita. Donatha alisimama, akatikisa vumbi kwenye sketi, akashukuru kwa kahawa. Yeye peke yake hakuwa ameshangilia. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kuelewa, kama afanyavyo mwanafunzi mzuri.

— Wazee, naomba kuuliza. Yule wa zamani, Papa Mufuko. Wimbo ulipotoka, aliacha?

— Kuacha nini? aliuliza Valens.

— Kula barabara.

Jean-Luc alishika miwani, lakini hakuivua. Kapiteni alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza kijiweni pale hakupata hata moja ya kukosea. Muhamadi aliinua birika, akalitikisa, likatoa mlio mkavu.

— Kahawa imeisha, alisema.

Twegerane ikapiga honi tena.

— Alicheza, alisema Anastase.

Wote wakamgeukia.

— Alicheza, mwalimu. Usiku ule tulipoiimba mara ya kwanza tulikuwa tunatetemeka. Ntawukuriryayo alishavaa suruali mbili juu ya kulala cachot, ile jela ya polisi. Papa Mufuko alikuwa meza ya mbele. Akacheka mpaka machozi, akasimama wa kwanza, akacheza katikati ya ukumbi, akafungua koti anaonyesha watu ile mufuko. Akataka jina yake itupwe palepale, na tukaitupa. Samedi iliyofuata alikuja na koti ya mifuko ine.

— Na wewe ulimujua? aliuliza Valens. Alikuwa nani?

— Citoyen Directeur. Patron wetu. Magitaa yalikuwa yake. Ngoma yake, mikro yake, hata viatu ya Ntawukuriryayo alinunua yeye. Ntawukuriryayo hakufumba tena macho akiimba ile wimbo. Alikuwa anatazama chini, ku vile viatu.

Donatha alitikisa kichwa taratibu. Alimpa Anastase mkono kwa mikono miwili, akaingia kwenye gari, na gari likaondoka limejaa, likielekea Kanama.

Wengine walibaki wamesimama. Anastase ndiye aliyerudi kukaa, akaliweka gitaa pajani na kuanza kulilinganisha uzi baada ya uzi, polepole, sikio karibu na mbao, mpaka likakubali.

— Solo, unafanya nini? aliuliza Jean-Luc.

— Uzi ya pili imelegea kidogo. Nalitengeneza.

— Donc utapiga Samedi.

— Kapiteni, alisema Anastase, njia yako ya nyumbani inapita Nouvelle Vie. Umupelekee Kimenyi gitaa yake. Umwambie asante.

— Solo. Ile ni gitaa, alisema Kapiteni, na sauti yake ya ziwani ilikuwa ndogo. Na sambaza wangu? Nilishaagiza mafuta.

— Najua.

— Kama hutapiga, nani atapiga?

— Atapata mutu. Mutu hakosekani.

— Sasa unalitengeneza juu ya nini kama unarudisha? aliuliza Jean-Luc.

— Gitaa haina kosa, alisema Anastase.

Valens alitaka kubisha. Ilionekana usoni, maneno yamemjaa, Wakili mzima. Akatazama viatu vyake, akakaa chini. Kapiteni alilichukua gitaa kwa mikono miwili, vile anavyobebwa mtoto wa mwenzako, akaanza kuteremka kuelekea ziwani, akisimama kila baada ya hatua chache na kugeuka kutazama kama ataitwa. Hakuitwa.

Muhamadi alimwaga majivu, akaanza kusuuza vikombe. Anastase alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Kwenye ncha za vidole nyuzi zilikuwa zimeacha mistari, mirefu na myekundu, imezama kwenye ngozi. Alikuwa ameisahau mistari ile. Enzi za Sambaza Jazz haikuwa ikifutika, mkewe aliizoea, alisema ndiyo aliyomtambulia gizani. Aliipapasa kwa dole gumba, mmoja baada ya mwingine, na Valens na Jean-Luc wakamtazama. Muhamadi alipomaliza kikombe cha mwisho, mistari haikuonekana tena.